Makauboi waliokuwa wakiimba: uzi wa zile muvi za kuokoa ranchi mikononi mwa matapeli

TandikoKuukuu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Leo naleta muvi ambazo wengi tunazipita kwa sababu hazina rangi. Ni za makauboi wa miaka ya 1930 na 1940. Stelingi ana bastola kiunoni na gitaa mkononi, farasi wake kapambwa kuliko bibi harusi, na hatari ikiwa imepamba moto yeye anaimba. Kijana wa leo ukimwekea atakuambia ni mambo ya watoto. Mimi nazipenda, na kwa miaka miwili sasa zimenishika kuliko kitu kingine chochote ninachotazama.

Nianze na hii. Mwaka 1935 kampuni ndogo ya Mascot ilitoa muvi ya vipande 12, The Phantom Empire. Stelingi ni Gene Autry, na humo ndani anaitwa Gene Autry vilevile. Ana ranchi iitwayo Radio Ranch, na kutoka pale anarusha kipindi cha nyimbo redioni kila siku saa nane mchana. Mkataba wake hauna huruma: siku akikosa kipindi, ranchi imeondoka. Sasa limekuja kundi la wasomi walaghai, wamenusa kwamba chini ya ardhi ile kuna radiamu, madini adimu ya bei kubwa. Kwao kazi ni moja tu, Gene asiwepo mbele ya kipaza sauti saa nane ikigonga. Ndani zaidi kuna ufalme mzima chini ya ardhi, Murania, wenye malkia na roboti, na hapo watu hucheka. Waache wacheke. Wewe tazama ile saa ya ukutani. Kila kipande cha muvi, haijalishi Gene katekwa wapi au kaanguka shimo gani, anakimbiza farasi arudi akaimbe, kwa sababu wimbo ndio malipo yake ya ranchi.

Nilipoona hilo mara ya kwanza nilisimamisha muvi nikatoka nje.

Naomba niseme kwa nini, halafu turudi kwenye muvi. Mwaka juzi mzee wangu alikopa. Alisaini karatasi ambayo ukurasa wa pili hakuusoma, na hata angeusoma, maandishi yalikuwa madogo kama chawa. Kwenye nakala aliyobaki nayo kuna dole gumba lake la wino wa bluu, limevutika kidogo upande, kama mtu aliyeshikwa mkono akaharakishwa. Ng'ombe 12 waliondoka kwa hiyo karatasi. Mkopeshaji simtaji na sitamtaja, shauri lina mahali pake. Lakini usiku, wakati usingizi umekataa, ndipo nilipoanza kuzitazama hizi muvi, moja baada ya nyingine, nyingi zipo mtandaoni.

Na nikagundua jambo. Ukitazama kumi mfululizo utaona adui mkubwa karibu kila mara hana kovu usoni. Wenye makovu ni vibaraka wake. Yeye ana suti, ana ofisi mjini, anavua kofia kusalimia wanawake, anakaa kwenye kamati ya maendeleo. Silaha yake ni karatasi. Anajua kitu ambacho mwenye ranchi hakijui: reli itapita hapa, mafuta yapo chini, bwawa linajengwa, kuna dhahabu kwenye lile korongo. Mwenye ranchi anaona majani na mifugo, mwenzake kashaona ramani. Basi anachofanya ni kununua deni. Anamsubiri akwame, halafu anahakikisha anakwama kweli: ng'ombe wanaibwa usiku, kisima kinazibwa, mteja wa ng'ombe anatishwa. Tarehe ya rehani ikifika, sherifu anakuja na karatasi halali kabisa.

Risasi zinapigwa, ndiyo, watoto walilipia kiingilio chao. Ila kinachogombaniwa toka mwanzo mpaka mwisho ni saini.

Nitaendelea.

BintiWaKilosa

Shikamoo kaka. Pole sana kwa mzee. Nimevuta mkeka, endelea.

Ila niulize mapema: kwa nini aimbe? Ng'ombe wanaibwa, nyumba inataka kuuzwa, mtu anachomoa gitaa. Hilo ndilo lilinishinda nilipojaribu kutazama moja.

TandikoKuukuu

Marahaba mdogo wangu. Hilo ndilo swali lenyewe.

Kuna jibu la biashara na kuna jibu la hadithi. La biashara kwanza.

Gene Autry alizaliwa Texas mwaka 1907, akawa karani wa telegrafu kwenye reli huko Oklahoma, zamu za usiku, gitaa pembeni. Mwaka 1931 alirekodi wimbo wa mtoto anayesikitika mvi za baba yake, That Silver-Haired Daddy of Mine, ukauza kupita kiasi. Akawa anaimba redio WLS ya Chicago. Redio hiyo ilianzishwa na duka kubwa la Sears, wale waliokuwa wanauza kila kitu kwa katalogi ya posta. Kwa hiyo mkulima wa ndani kabisa alimsikia Gene redioni, akaagiza santuri ya Gene kwa katalogi, na kwenye katalogi hiyohiyo akakuta gitaa lenye jina la Gene.

Mwaka huohuo wa 1935 tajiri mmoja, Herbert Yates, aliunganisha kampuni kadhaa ndogo za filamu ikazaliwa Republic Pictures. Yates alikuwa na maabara ya kusafishia filamu, na alikuwa pia na kampuni ya santuri iliyokuwa ikimrekodi Gene. Ukiliona hilo umeelewa. Muvi iliuza santuri, santuri ikauza muvi. Na wimbo ni dakika tatu za bei rahisi: watu watano wamekaa kuzunguka moto, hakuna gari la kubingirisha, hakuna farasi wa kuangusha. Muvi nzima ni dakika 60 hivi, nyimbo sita au saba, zikapelekwa kwenye kumbi za miji midogo ya kusini na katikati ya Marekani ambako watu ndio hao wenye mashamba na madeni.

Sasa la hadithi, ambalo ndilo napenda mimi. Kwenye hizi muvi wimbo unafanya kazi. Unaleta watu. Mwenye ranchi peke yake hana kitu, benki iko na tapeli, sherifu anashika karatasi kama ilivyoandikwa. Anachoweza kauboi ni kukusanya majirani. Akiimba dansini watu wanakuja, wakija wanaongea, wakiongea ndipo mmoja anasema "hata mimi alinijia na karatasi kama hiyo." Tapeli anaishi kwa sababu kila mtu anaona aibu kivyake. Siku wote wakiwa chini ya paa moja, wamecheza, wamekula, aibu inawatoka.

Nisimsahau Smiley Burnette, rafiki wa Gene kwenye muvi, yule mnene anayeitwa Frog, mwenye kofia iliyopinda ukingo na sauti inayozama ghafla kama chura kisimani. Watoto walimpenda pengine kuliko stelingi mwenyewe.

JogooLaNakuru

Sema boss. Hii ni uzi ya maana. Sisi huku Kenya tumelelewa na country, redioni Jumapili, kwa matatu, hadi leo tuko na Sir Elvis anapiga country ya hapa nyumbani na ukumbi unajaa. Mzee wangu alikuwa anaimba Jim Reeves akikama ng'ombe.

Lakini Gene umempa sifa sana. Roy Rogers je? Huyo ndiye alikuwa mfalme, na Trigger wake.

TandikoKuukuu

Karibu sana ndugu wa Nakuru. Roy tunamfikia, na njia ya kumfikia inapita kwenye mkataba vilevile.

Mwanzoni mwa 1938 Gene aligoma. Republic ilikuwa inawalazimisha wenye kumbi za sinema wanunue muvi zake nyingine wasizozitaka ndipo wapewe za Gene, na yeye mwenyewe aliona anachopata hakilingani na anacholeta. Akaondoka kazini. Yaani yule anayepigana na mikataba mibovu kwenye skrini alikuwa anapigana na mkataba wake mwenyewe nje ya skrini. Yates akatafuta mwingine. Akapatikana kijana wa Ohio, Leonard Slye, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la Sons of the Pioneers, wale wenye sauti tatu zilizosukwa mpaka hujui inaishia ipi inaanzia ipi. Wakambadilisha jina kuwa Roy Rogers.

Muvi yake ya kwanza kama stelingi ni Under Western Stars, 1938. Hadithi iliandaliwa kwa ajili ya Gene. Wafugaji wanakauka, kampuni ya maji inawabana bei, Roy anachaguliwa kwenda Bungeni Washington kupigania maji. Fikiria, kauboi anaenda Bungeni! Kule wakubwa hawamwelewi. Basi kwenye dhifa ya wenye vyeo vyao anawawekea picha za ukame, zile picha halisi za vumbi lililomeza mashamba miaka ile, na juu ya zile picha anaimba wimbo uitwao Dust. Haongezi chumvi, hapigi meza. Nyumba zimezikwa mpaka madirishani, ng'ombe mifupa mitupu, na sauti ya kijana wa miaka 26. Wimbo huo ulipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar. Wanaosema muvi hizi ni za kitoto waanzie hapo.

Trigger ni kweli. Farasi mwenye rangi ya dhahabu na singa nyeupe, alishacheza kabla hajawa wa Roy: ndiye aliyepandwa na Olivia de Havilland kwenye Robin Hood ya 1938.

KisikiChaMpingo

Mkuu naheshimu mapenzi yako, na pole ya mzee. Lakini tusifunikane. Ranchi zenyewe zilitoka wapi? Ile ardhi ilikuwa ya watu, wakafukuzwa, halafu mjukuu wa aliyefukuza analia kwamba benki inamfukuza. Na makauboi weusi wako wapi kwenye hizo muvi? Historia inasema walikuwa wengi.

TandikoKuukuu

Kisiki, umesema kweli na sitabishana nawe. Kwenye muvi nyingi za aina hii Wahindi Wekundu ama hawapo, ama wapo kama mapambo, na hakuna anayeuliza karatasi ya kwanza kabisa ilisainiwaje. Hilo ni doa, na linaniuma zaidi kwa sababu hizi ni hadithi za kudhulumiwa ardhi. Nitalirudia nikifika kwenye bonde la Owens.

Kuhusu makauboi weusi: wanahistoria wengi hukadiria kwamba baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kama mmoja kati ya kila makauboi wanne alikuwa mweusi. Waliswaga ng'ombe toka Texas kwenda kaskazini kama wengine. Hollywood ikawafuta. Ila alitokea mtu mmoja, Herb Jeffries, mwimbaji wa jazi toka Detroit, ambaye kati ya 1937 na 1939 alicheza muvi nne za kauboi mwimbaji, waigizaji wote weusi, kwa ajili ya kumbi ambazo watu weusi waliruhusiwa kuingia. Zilipigwa kwenye ranchi ya wageni karibu na Victorville, California, na ranchi hiyo mwenyewe alikuwa familia ya watu weusi, akina Murray.

Itafute The Bronze Buckaroo ya 1939. Anaitwa Bob Blake humo ndani. Rafiki yake mwenye ranchi amepotea, anakwenda na wenzake kumtafuta, kumbe kuna jirani anataka ile ranchi kwa sababu ndani yake kuna dhahabu. Hadithi ni ileile. Lakini iangalie kwa jicho hili: mwaka 1939, mtoto mweusi wa Alabama amekaa gizani, anamwona mtu mweusi mwenye ranchi yenye hati, na rafiki mweusi juu ya farasi anakuja kuitetea. Humo kuna utani mrefu wa nyumbu anayeongea (yule wa punda na farasi, siyo wa porini), jamaa anauziwa nyumbu kwa kudanganywa na mtu mwenye ujuzi wa kutoa sauti tumboni. Hata utani ni wa utapeli! Baada ya hapo Jeffries alikwenda kuimba na bendi ya jazi ya Duke Ellington, akaishi mpaka 2014.

BintiWaKilosa

Nimeipata hiyo, nimeitazama yote jana usiku. Ile sauti ya Jeffries jamani. Nimeona pia kwamba mwenye shida mara nyingi ni binti aliyeachiwa ranchi na baba, halafu hapewi kauli.

TandikoKuukuu

Kweli kabisa. Binti karithi, tapeli anadhani kapata mteremko. Dale Evans alipoingia mwaka 1944 akicheza na Roy, mambo yalibadilika kidogo: anabisha, anacheka, anaimba kwa nguvu sawa na mwanamume. Yeye na Roy walioana siku ya mwisho ya 1947, na wimbo wao wa kuagana, Happy Trails, aliuandika yeye Dale. Kabla yake mwaka 1939 kuna Dorothy Page, kampuni moja ndogo ilimpa muvi tatu awe kauboi wa kike anayeimba. Tatu tu, basi.

Sasa naomba niwaletee ile ninayoiona bora kuliko zote. Nilitaka kuianza nayo nikashindwa.

The Old Barn Dance, Januari 1938. Gene Autry anauza farasi. Anafika mji mmoja na wenzake, wanaimba ghalani, watu wanajaa. Lakini pale mjini kuna kampuni ya matrekta, inawaambia wakulima farasi wamepitwa na wakati, chukua trekta kwa mkopo, utalipa taratibu. Wakulima wanasita. Kampuni inahitaji sauti ambayo watu wanaiamini. Gene anaingizwa kwenye kipindi cha redio bila kujua kwamba mdhamini wa kipindi ni haohao wa matrekta. Anaimba. Wakulima wanasikia sauti yake, wanasema kama Gene yupo humo basi ni jambo jema, wanakwenda kusaini. Malipo yanapowashinda, kampuni inakuja kuchukua trekta na kila kilichowekwa rehani.

Wakuu, sisi tuna jina la mikopo ya namna hiyo. Kausha damu. Wamarekani wa 1938 waliitengenezea muvi yenye nyimbo.

Na muvi hii ina ujasiri ambao sijauona kwenye nyingine. Kwenye zote wimbo unaokoa. Kwenye hii wimbo ndio chambo. Stelingi hana hatia moyoni ila sauti yake imeshatumika, na wakulima walioumia wanamwona naye mwizi. Hawezi kusema "sikujua" yakaisha. Inabidi aifanye kazi ya kurudisha.

Kwa nini inanigusa hivyo: siku wale waliomkopesha mzee walipokuja kijijini, hawakuja kimya. Walikuja na gari la matangazo, na juu yake kijana wa kwaya ya palepale, sauti ambayo kila mtu anaijua kutoka misibani na harusini. Aliimba nyimbo nne. Mzee wangu alimwambia mama, "Huyu mtoto tumemlea, hawezi kuja na watu wabaya." Ndipo akaenda na kitambulisho.

JogooLaNakuru

Aki pole. Hiyo imenikaa kwa roho.

Lakini boss, uliza hivi: kwa maisha ya kweli wakulima wa huko walishinda hata mara moja? Ama ni muvi tu?

TandikoKuukuu

Walishinda mara nyingine, na namna walivyoshinda inashinda muvi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei za mazao zilianguka, benki zikawa zinanadi mashamba. Majirani wakabuni njia. Siku ya mnada wanajaa uwanjani, wote, wamesimama bega kwa bega. Mnadi anataja trekta, mtu anasema senti tano. Kimya. Ng'ombe, senti kumi. Kimya. Mgeni akitaka kuongeza dau anahisi mkono mzito begani, na mahali pengine kitanzi cha kamba kilikuwa kimeshatundikwa ghalani kila mtu akione. Vitu vyote vinauzwa kwa dola chache, halafu palepale mwenye mali anarudishiwa vyake. Waliita minada ya senti. Wakati mwingine hasira ilizidi: Aprili 1933 huko Le Mars, Iowa, wakulima walimburuta jaji kutoka mahakamani kwa sababu hakutaka kuapa kwamba ataacha kusaini amri za kunadi mashamba, wakamvisha kamba shingoni, wakamwachia karibu afe. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuwapa wakulima muda, Mahakama Kuu ikaifuta 1935, wakaiandika upya.

Hao ndio watu waliokuwa wanakaa kwenye zile kumbi Jumamosi. Siyo watoto peke yao.

Sasa bonde la Owens, California. Kisiki, hapa ndipo nilipokuahidi.

Bonde hilo lilikuwa la Wapaiute, kabila la Wahindi Wekundu, walikuwa wakimwagilia kwa mifereji yao kabla ya mzungu yeyote. Wakaondolewa. Wakaja wafugaji. Mwaka 1905 hivi akaja Fred Eaton, aliyewahi kuwa meya wa Los Angeles, akinunua ardhi yenye haki ya maji, na wenyeji wengi wakaamini anahusika na mradi wa serikali wa kumwagilia bonde lao. Kumbe maji yalikuwa yanakwenda jijini. Mwaka 1913 mfereji ulifunguliwa, kilomita 375 hivi, maji ya mto Owens yakaanza kushuka kwenda Los Angeles. Angalia vizuri: mtu mwenye suti, anajua kitu ambacho wenyeji hawajui, anakuja na karatasi.

Ukame wa miaka ya 1920 ukawabana. Mei 1924 wakalipua sehemu ya mfereji kwa baruti. Tarehe 16 Novemba 1924 wanaume wapatao 70 wakateka milango ya mfereji inayoitwa Alabama Gates, kaskazini ya mji mdogo wa Lone Pine, wakaizungusha magurudumu, maji yote yakarudi kwenye bonde. Hawakukimbia. Walikaa siku nne. Wake zao wakaja na sufuria, watoto wakaja, nyama ikachomwa, mamia ya watu. Na karibu na hapo Tom Mix, stelingi mkubwa wa makauboi wa enzi za muvi zisizo na sauti, alikuwa anapiga filamu. Aliposikia, akawapelekea bendi yake iwapigie muziki.

Nimelisoma hilo mara nyingi. Wafugaji waliotapeliwa maji, wamekaa kwenye lango la maji, bendi ya kauboi inawapigia. Ilitokea kweli, miaka kumi na moja kabla Gene hajakimbiza farasi kwenda kuwahi saa nane.

Mwisho wake haukuwa wa muvi. Viongozi wa wafugaji walikuwa ndugu wawili, akina Watterson, na ndio waliokuwa na benki za bonde. Agosti 1927 benki hizo zilifungwa, ikaonekana fedha za watu hazipo, ndugu wale wakapelekwa gereza la San Quentin. Akiba za wafugaji zikayeyuka na upinzani ukaisha hapo. Jiji likanunua karibu bonde zima.

Na vilima vya Alabama, vile vyenye mawe ya mviringo kama mikate iliyoumuka, hapohapo Lone Pine, ndipo Hollywood ilipokwenda kupigia mamia ya muvi za makauboi. Gene alipanda farasi pale. Under Western Stars, ile ya Roy kupigania maji, ilipigwa pale. Nyuma ya farasi unaona majani makavu na milima ya Sierra yenye theluji, na theluji hiyo ikiyeyuka maji yake hayabaki pale.

KisikiChaMpingo

Mkuu nimesoma mara mbili. Hapo kwa Wapaiute nakushukuru.

Swali la mwisho kwangu. Gene kwenye ile muvi ya trekta alirudi kwa wakulima. Yule kijana wa kwaya naye?

TandikoKuukuu

Alikuja, Kisiki. Miezi mitatu baadaye, jioni, mzee akiwa anatengeneza jembe. Hakupita mlangoni, alisimama kwenye zizi tupu mpaka mama alipomwona. Alisema siku ile alilipwa elfu thelathini na aliambiwa ni tangazo la mbegu. Mzee hakumjibu haraka. Alimpa kigoda. Baadaye akaniita nilete ile karatasi, akamwambia, "Wewe unasoma vizuri, nisomee ukurasa wa pili."

Akausoma wote kwa sauti, mstari kwa mstari, kile kibatari kikiwa katikati yao. Kesho yake alianza kuzunguka nyumba za wengine waliosaini, anawasomea na wao. Sasa tuko kaya 19 kwenye shauri moja.